Majina ya Waandishi wa Mapenzi Uliyoniomba

Majengo, Moshi
Jumanne asubuhi

Dada yangu Mwajabu,

Shikamoo. Najua utaitikia ukiwa umelala, maana ndivyo daktari alivyoamuru, na nakuomba uendelee kumtii hata kama kitanda kimekuchosha. Mgongo unaendeleaje? Mtoto anacheza? Mama aliniambia juzi kwamba unakunywa uji vizuri na kwamba umeanza kumjibu shemeji kwa ukali, nikamshukuru Mungu, kwa sababu mimi ukinyamaza ndipo naogopa. Sisi huku ni wazima. Baridi imeshuka kutoka mlimani, asubuhi navaa sweta mbili na bado vidole vinagoma kwenye kibodi. Bakari wangu yuko safarini na lori, amepeleka mahindi Tarakea, atarudi kesho.

Nakuandikia kwa mkono, mimi ninayeshinda mbele ya kompyuta, kwa sababu simu yako Mama huiweka spika, na haya nitakayokueleza hayafai kusikilizwa na sebule nzima. Bahasha utaikuta ndani ya kitabu cha pili kwenye kifurushi. Ukimaliza kuisoma, iweke chini ya godoro.

Uliniuliza kitu kidogo tu. Ulitaka nikutajie waandishi wa mapenzi wa kukurudisha kwenye kusoma, kwa kuwa tangu uamriwe kulala unafungua kitabu, unafika ukurasa wa tatu, unakifunga. Ulisema, "Zena, mimi niliyekuwa nasoma hata gazeti lililofungiwa vitumbua, sasa herufi zinanipita kama sisimizi." Nilicheka, halafu simu ikakatika. Najua unachosikiliza unapokifunga hicho kitabu. Unasikiliza tumbo.

Nami hali hiyo ilinipata mwaka ule niliohamia huku. Bakari alikuwa barabarani wiki nzima, mimi steshenari peke yangu, sijui mtu, watu wakija dukani wanaongea Kichagga mpaka wafike kwenye "kopi mbili". Nilikuwa na vitabu kumi na viwili nilivyotoka navyo Tabora na sikuweza kumaliza hata kimoja. Kilichonisaidia ni kuacha kujilazimisha kusoma vitabu vya maana. Nikarudi kwenye mapenzi, ya watu wanaogombana na kupatana, ambayo mwisho wake unaujua tangu jalada.

Anza na Dotto Mihayo. Nimekuwekea "Nisubiri Stendi". Ni mwanamume lakini anawajua wanawake, au mke wake anamsahihishia. Wapenzi wake hawasifiani, wanatukanana kwa adabu sura nane nzima, na sura zenyewe ni fupi, unaweza kumaliza moja kabla uji haujapoa. Usitafute busara humo, hakuna. Utacheka kwa pua na ndicho unachohitaji.

Mwanakheri Songoro nimemfunga kwa gazeti na gundi, na nimefanya hivyo makusudi. Anaandika vizuri kuliko wote, lakini haoni huruma. Katika "Chumba cha Uani" kuna msiba wa mtoto. Usimfungue sasa. Nasema kama mdogo wako anayekujua: usimfungue.

Vitatu vilivyobaki ni vya Sikujua Tausi. Huyu ndiye aliyeniponya. Ni vijitabu vyembamba, karatasi ya kawaida, vimebanwa kwa stepla, vinauzwa sokoni kati ya madaftari na kalenda. Nilinunua kimoja kwa sababu mvua ilinikuta pale kibandani, nikasoma ukurasa wa kwanza nimesimama, na mvua ilipokatika nilikuwa bado nimesimama. Watu wake ni wakulima. Wanapendana huku mikono ina udongo, wanasemezana maneno ambayo mimi na wewe hatujawahi kuambiwa na mtu, lakini ukiyasoma unaona kabisa kwamba mtu angeweza kuyasema. Nilivisoma vyote vilivyokuwepo. Baada ya hapo nikaweza kusoma kila kitu.

Sasa nikueleze nilivyomlipa mwandishi huyo.

Mwaka jana aliingia dukani kwangu mama mmoja wa makamo, mwembamba, kitambaa kichwani, sketi ya kanisani, na daftari kubwa limefungwa ndani ya kanga. Aliniuliza kama naweza kuchapa mwandiko wa mtu bila kumsomea wateja wengine. Nikamwambia naweza. Nilipofungua daftari, mstari wa tatu tu, nikaitambua sauti ya vile vijitabu. Nikamwangalia. "Mama," nikasema, "wewe ndiye Sikujua Tausi?"

Aliufunga mlango kwanza. Kisha akasema, "Mimi ni Mama Prisca wa Uru. Huyo mwingine abaki hapa kwenye kaunta yako. Akitoka nje nimekwisha."

Niliapa, dada. Niliapa kwa jina la Mungu na nikaweka mkono kifuani.

Yeye ni mjane. Mumewe, Eligi, alifariki miaka minne iliyopita, na yeye amebaki kwenye kihamba cha mume, ndiyo shamba la ukoo, lenye migomba na kahawa na nyumba katikati. Anamlea mama mkwe, Bibi Felista, ambaye ni mzee sana na miguu haimbebi. Huko juu mjane anakaa vizuri maadamu watu wa mume wanaridhika. Na mkubwa wa watu wa mume ni kaka yake marehemu, Bwana Valerian. Haya yote aliniambia kidogo kidogo, kila akija na daftari. Huyo Valerian mimi nilimjua kwa jina tu. Sura yake sikuwahi kuiona.

Basi siku moja saa sita mchana nilikuwa natoa kwenye printa kurasa za kitabu chake kipya, "Tulikutana Mfongoni". Mfongo ni mfereji wao wa maji unaoshuka kutoka mlimani na kupita mashambani kwa zamu. Kurasa zilikuwa zimetandazwa kaunta nzima nizipange. Akaingia baba mmoja mnene, nadhifu, koti la kijivu, anataka kopi za matangazo ya jumuiya yao. Wakati mashine inapiga kopi zake, akaokota ukurasa mmoja akausoma. Akatabasamu.

"Haya ni ya nani?" akauliza.

"Ya Sikujua Tausi. Hujamsikia? Anasomwa mpaka Arusha."

"Ndiyo nani huyo? Wa Dar?"

Dada, hapo ndipo nilipopaswa kufunga mdomo wangu. Lakini alivyosema "wa Dar" niliumia, kana kwamba huku kwetu hapawezi kutoka mtu. Nilisema "huku kwetu" moyoni, mimi wa Tabora! Nikajitutumua. "Wa Dar wapi! Ni wa hapo juu tu, Uru. Mjane mmoja mtulivu, ukimwona kanisani huwezi kudhani."

Tabasamu likakauka. Akausoma tena ule ukurasa, safari hii midomo inacheza. Chini ya maneno ya mapenzi kulikuwa na kaka wa yule mpenzi, anayeziba maji usiku zamu ya jirani ikifika, mwenye pengo la meno ya mbele, anayecheka akiwa ameweka kiganja mdomoni. Akainua uso. Kiganja kilikuwa mdomoni.

"Mumewe aliitwa Eligi?" akauliza.

Nikaanza kukusanya kurasa. Uso wangu ulimjibu. Akaukunja ukurasa mara nne, akautia mfuko wa shati, akatoka. Kopi zake zikabaki zinatoka kwenye mashine mpaka zikaisha zenyewe.

Nilikaa nikijiambia kwamba si lazima awe ndiye. Niliendelea kujiambia hivyo siku mbili. Ya tatu, Mama Prisca akaingia. Hakuwa na kanga wala daftari moja. Alikuwa na mfuko wa salfeti, na ndani yake madaftari yote tisa.

"Wamejua," akasema.

Unajua nilimuuliza nini? Nilimuuliza, "Nani amewaambia?" Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu mimi mwenyewe.

"Sijui. Valerian ana ukurasa. Anasema kauokota mjini." Akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, alikuwa anatafuta tu. "Ulidondosha ukurasa, Zena?"

"Labda upepo," nikasema.

Upepo, dada. Huku milango imefungwa kwa sababu ya baridi.

Akaitikia kwa kichwa polepole, akaamini, au alionekana kuamini. Akanieleza kwamba ukoo utakaa Jumapili baada ya misa. Valerian anasema amemwanika marehemu uchi mbele ya watu, ameuza mambo ya chumbani, ametukana jina la nyumba. Anataka madaftari yaletwe yachomwe mbele ya wote, na kama hataki, abebe nguo zake arudi kwa ndugu zake huko Kilema. Nyumba ile aliijenga na mumewe tofali kwa tofali. "Haya yafiche," akaniambia, "nisije nikalegea nikayatoa." Kisha akasema lililonimaliza. "Na Jumapili nataka uje. Valerian atasoma ukurasa wake. Nataka wasikie sura nzima, na mimi koo langu litakauka. Wewe sauti yako haina undugu na mtu yeyote pale."

Nikakubali. Ningekataaje?

Bakari aliporudi nilimweleza yote. Alikuwa anakula, akaacha kula. "Mwambie," akasema.

"Nitamwambia baada ya kikao."

"Mwambie kabla. Baada ya kikao utakuwa unajisafisha."

"Nikimwambia kabla hatataka nisome, na hana mtu mwingine."

Akasukuma sahani kando. "Hiyo ni sababu," akasema, "au ni upepo mwingine?"

Sikumwambia. Naandika hivyo bila kujitetea.

Jumapili nilipanda bodaboda mpaka Uru na ile sura moja iliyochapwa ndani ya blauzi. Huko juu ni kijani mpaka macho yanachoka, migomba imekutana juu ya njia, na maji yanasikika kila mahali bila kuonekana. Nilikuta watu kama ishirini wamekaa uani kwenye mabenchi, wanaume upande huu, wanawake ule. Mbege ilikuwepo, ile pombe yao ya ndizi, lakini hakuna aliyeigusa, nikajua ni vibaya. Bibi Felista alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha kamba karibu na mlango, blanketi miguuni, macho yamefifia. Mama Prisca alikuwa kwenye benchi peke yake. Nafasi pande zote mbili zilikuwa wazi, na hakuna aliyekaa hapo. Nilikwenda nikakaa mimi. Valerian aliponiona akafungua mdomo aseme kitu, kisha akaufunga. Nilielewa kwamba amenishika mkononi. Wakati wowote akitaka angeweza kunyoosha kidole kwangu na kusema, huyu ndiye aliyeniambia.

Mzee mmoja wa ukoo alifungua kikao kwa sala. Halafu Valerian akasimama na ukurasa wake. Aliusoma vibaya kwa makusudi, anavuta maneno matamu yawe machafu. Wanawake wakainamisha vichwa. Kijana mmoja akacheka, akakemewa. Alipomaliza akasema, "Ndugu yangu amelala pale." Akaonyesha kaburi kati ya migomba, lenye msalaba wa saruji. "Amelala pale anasikia mkewe anamuuza sokoni. Madaftari yaje hapa leo, au mama huyu aondoke. Mimi sina neno lingine."

Wanaume kadhaa wakaitikia. Mzee akamgeukia Mama Prisca. "Una la kusema?"

Alisimama. Alijaribu. Koo lilikauka kama alivyosema. Akaniangalia tu.

Nikasimama na karatasi zangu. "Shikamooni wazee," nikasema. "Mimi si wa hapa. Nimeombwa kusoma. Bwana Valerian amesoma ukurasa mmoja, naomba nisome sura nzima, kisha muamue."

"Nani kamwalika huyu?" Valerian akasema. "Huyu ana nini na sisi?" Akanitazama. Nikangoja aseme. Hapo Bibi Felista akapiga fimbo chini mara moja.

"Asome," akasema. "Mimi macho sina. Kila mtu hapa amesoma isipokuwa mimi, na ni mwanangu."

Nikasoma. Ilikuwa sura ya mkulima anayeitwa Damasi, mtu wa zamu ya alfajiri mfongoni, na msichana anayekuja kuchota maji. Wanakutana siku nyingi bila kusema kitu. Siku moja maji yamekatika huko juu, wote wawili wamesimama kwenye mfereji mkavu, hakuna sababu ya kubaki na hakuna anayeondoka. Damasi anamwambia, "Miaka yote hii nilidhani nakuja kufuata maji." Halafu anaongea. Anamwambia jinsi anavyotambua hatua zake kabla hajatokea, jinsi anavyoogopa zamu ibadilishwe, jinsi ambavyo akila chakula kizuri anamkumbuka na akila kibaya anamkumbuka pia. Nusu ukurasa mtu anaongea. Maneno yale yananijua, nimeyachapa, nikayaacha yaende yenyewe. Mke wa Valerian alikuwa anamnong'oneza Bibi kwa Kichagga pale Kiswahili kilipomshinda. Niliona ameacha kunong'ona, anasikiliza tu, Bibi akamgusa aendelee.

Nilifika mwisho. Kuku wakapita katikati yetu.

"Soma tena pale anapoongea," Bibi akasema.

Nikasoma tena.

Bibi akatulia, kidevu juu ya fimbo. Kisha akasema kwa sauti kubwa, "Huyu si Eligi."

Valerian akaruka. "Mama, kila mtu anamjua! Zamu ya alfajiri ilikuwa ya Eligi, na—"

"Nimemzaa mimi," Bibi akasema. "Eligi hakuwahi kuongea maneno mengi hivyo maisha yake yote. Mimi mama yake aliniambia ng'ombe amekula, mama, na mvua inakuja, mama. Siku aliyoniletea huyu mke alisema, mama, huyu. Basi. Huyu mnayesomewa ni mtu mwingine."

Mtu wa nyuma akacheka. Mwingine naye. Hata yule mzee alishika ndevu kuficha mdomo. Lakini Bibi hakucheka. Aligeuza uso kuelekea benchi letu, pale anapodhani Mama Prisca yupo.

"Mke wa Eligi. Umeandika alivyokuwa, au ulivyotaka awe?"

Mama Prisca alisimama tena, na sasa sauti ikatoka, ndogo. "Nimeandika aliyokuwa nayo, mama. Alikuwa nayo yote. Hakuyasema. Niliyaona anavyoniwekea kuni kavu upande wangu, na anavyokaa macho nikiumwa. Nimemwandikia tu maneno."

Nikasikia maji ya mfongo nyuma ya kahawa. Bibi alifuta macho yake yasiyoona kwa ncha ya blanketi.

"Basi mwacheni mwanangu aongee," akasema. "Amechelewa, lakini mwacheni."

Wanawake wawili wakaanza kulia. Valerian alibaki amesimama na ukurasa wake, akasema kwa hasira, "Na yule mwizi wa maji mwenye pengo? Huyo naye ni mtu mwingine?"

"Hapana," Bibi akasema. "Huyo namjua."

Sasa kicheko kikalipuka kweli, wakacheka mpaka wa upande wa Valerian, na mke wake akajifunika kanga usoni. Nilimwangalia Valerian tu. Uso ulikuwa mweusi kwa aibu, na macho yakanijia mimi moja kwa moja. Nikajua sasa atasema. Lakini angesema alivyopata habari ingebidi aseme pia kwamba hakuokota ukurasa, aliuchukua dukani kwa mtu. Akaukunja, akaurudisha mfukoni, akakaa.

Mzee aliamua hivi: madaftari hayachomwi, mama haondoki, ila yule kaka mwizi wa maji abadilishwe asitambulike. Mama Prisca akakubali kumpa meno yote na kumfanya kilema wa mguu. Mbege ikagawiwa. Valerian hakunywa. Mpaka leo hamsalimii shemeji yake, anapita njia ya chini, na sina hakika kama yameisha.

Ungedhani ningeshangilia. Watu walinishika mikono, wakaniita mwalimu, Bibi akaniombea. Mama Prisca aliniambia njiani, "Mungu akulipe, Zena, wewe ni mtu wa kweli." Kila neno lilinichoma. Nilishuka mjini nikashindwa kula.

Jumatano nilipanda tena. Mama yake Bakari, ambaye amezaliwa na kukulia hapahapa Moshi, aliniambia kwa Wachagga mtu akikosa huenda na jani la isale, lile refu la kijani wanalopanda mipakani, na mwenye kukosewa akiona hilo jani hana budi kusikiliza. Nilikata moja kwenye ua wa jirani. Nilimkuta Mama Prisca jikoni anapika mtori wa Bibi, anaponda ndizi. Nikaweka jani mezani na kumwambia yote: yule baba, koti la kijivu, "wa Dar", majivuno yangu, uso wangu uliojibu. Nikamwambia na upepo.

Aliendelea kuponda mpaka nikamaliza.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama. Nisamehe."

Alichukua jani, akaligeuza. "Umelikata vibaya," akasema. "Halikatwi hivi." Akaliweka juu ya kabati la vyombo. Kisha akafuta mikono. "Nilikuuliza, Zena. Nilisimama mbele yako nikakuuliza, ukasema upepo. Hilo la Valerian ni mdomo, mdomo unaponyoka. La upepo ulilifikiria."

Nililitazama jani juu ya kabati.

"Kesho nitatuma mtu achukue madaftari," akasema. Akampelekea Bibi chakula, nami nikatoka mwenyewe.

Madaftari yalichukuliwa yote tisa. Wiki ya pili nilimwona anaingia steshenari ya ng'ambo ya barabara, ile yenye printa mbovu inayokula wino. Alipita mbele ya mlango wangu akasema "habari ya kazi" kama kwa mtu yeyote. Nikasema "nzuri, mama". Wiki tatu hivyo, dada. Na unajua kilichonipata? Nilishindwa kusoma tena. Nilijaribu hata Dotto Mihayo, sikucheka. Uliponipigia kuniomba majina ya waandishi mimi mwenyewe nilikuwa sijasoma ukurasa, na niliona haya kukwambia. Hapo juu nimekutajia kama vile naponya watu.

Jana saa nne alikuja. Alisimama mlangoni kwanza, akatazama kaunta kama kuna karatasi za mtu zimeachwa wazi. Hakukuwa na hata moja. Siku hizi nazifunika zote. Akaingia, akaweka daftari jipya, akabaki ameliwekea mkono juu.

"Yule wa ng'ambo anarekebisha sentensi zangu," akasema. "Anadhani ni makosa."

"Mimi sitarekebisha."

"Usiguse hata nukta. Hasa hili." Akaondoa mkono. "Soma mwanzo."

Nikafungua. Mstari wa kwanza ulikuwa hivi: "Palikuwa na mwanamke wa Tabora, mpiga chapa, aliyependa vitabu kuliko alivyojua kutunza siri."

Nikashika ukingo wa kaunta. Nikasoma mstari wa pili, na wa tatu. Sweta zangu mbili zimo. Vidole vyangu vya baridi vimo. Upepo umo, una sura yake nzima. Lakini nilisoma, dada, nimesimama vilevile kama siku ya mvua, nikafika ukurasa wa kumi na moja ndipo nikakumbuka kwamba amesimama mbele yangu.

"Mama Prisca," nikasema, "mwanamke huyu anaishaje?"

Alikuwa anajifunga kanga, tayari kuondoka. "Bado sijaamua," akasema. "Chapa kwanza."

Kwa hiyo ninachapa. Nimefika sura ya tatu, na bado sipendezi.

Mwambie Mama kwamba dawa ya kifua nimeipata na imo kwenye kifurushi. Nisalimie shemeji, mwombe asichoke na ukali wako. Msalimie baba mdogo fundi baiskeli na jirani yetu mkunga, huyu wa pili mwambie namwomba akupitie kila jioni hata kama hujamwita. Shangazi wa asali mwambie chupa yake ilifika bila kuvuja, Bakari ameimaliza.

Nakukumbatia nikiwa mbali, na mkono wangu mmoja uko tumboni kwako. Lala ubavu wa kushoto. Anza na Dotto.

Ni mimi mdogo wako, ninayejifunza kunyamaza,
Zena